Maji Kwanza, Aksoloti Baadaye

Januari, jua la magharibi mwa Sydney halina huruma. Upepo wa bahari unaopunga fukwe za Bondi na Manly huwa umekwisha nguvu kabla haujafika Parramatta, na Guildford, kitongoji kilicho kilomita kama 25 magharibi ya katikati ya jiji, hubaki na joto la bara. Tarehe 4 Januari 2020, huko Penrith, upande huu huu wa magharibi, kipimajoto kilifika nyuzi 48.9 za Selsiasi. Katika vitongoji vya namna hiyo wapo watu wanaomzalisha nyumbani mnyama anayependa maji ya nyuzi 16 hadi 18, ambaye maji yakivuka nyuzi 24 huanza kudhoofika. Mnyama huyo ni aksoloti. Naandika habari za kazi yao kwa sababu ni kazi ya ustadi mkubwa usioonekana. Ukiingia chumbani unakuta wanyama wametulia chini ya tangi la kioo, hawafanyi lolote, na ni rahisi kudhani kwamba mfugaji naye hafanyi lolote.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana haki ya kutomjua. Aksoloti ni salamanda, na salamanda ni jamaa ya chura: amfibia mwenye ngozi laini isiyo na magamba, ila yeye ana mkia maisha yake yote. Afrika yote ya kusini mwa Sahara haina salamanda hata mmoja wa asili, na Australia vilevile haina. Kwao aksoloti ni bonde la Meksiko, na siku hizi porini amebaki katika mifereji ya Xochimilco, kusini mwa Jiji la Meksiko. Urefu wake ni sentimita 25 hivi. Ana kichwa kipana, macho madogo yasiyo na kope, na matamvua yaliyochomoza nje ya kichwa, matatu kila upande, yenye nyuzinyuzi nyekundu zinazopepea majini. Salamanda wengi huanza maisha majini wakiwa na matamvua, kisha hubadilika, huyapoteza na kupanda nchi kavu. Aksoloti habadiliki. Hukua, hukomaa na kuzaa akiwa bado katika umbo la utoto, na anaweza kuishi miaka 10 hadi 15 bila kutoka majini.

Hapa Australia ndiye salamanda pekee ambaye mtu wa kawaida anaweza kumnunua dukani na kumpeleka nyumbani. Chura wa asili wa jimbo hili la New South Wales hafugwi bila leseni. Aksoloti haulizwi leseni. Wepesi huo wa kumpata umemponza. Ananunuliwa zawadi ya mtoto, anatiwa kwenye tangi lililojazwa mchana huohuo, na baada ya wiki chache hayupo. Mfugaji wa kweli huanzia upande mwingine kabisa. Huanza kwa kufuga maji. Maji yanalishwa, yanapewa muda wa kukomaa, yanapimwa na kuchungwa yasiharibike, na mnyama anakuja baadaye.

Guildford ni mahali pazuri pa kuwaza habari za maji. Mradi wa Upper Nepean uliokamilika mwaka 1888 ulileta maji ya mito ya milimani hadi bwawa la Prospect, na kutoka hapo mfereji ulioshuka kwa mwinamo wa ardhi peke yake uliyafikisha Pipe Head, hapa Guildford, ambako yaliingia kwenye mabomba kuelekea mjini. Leo pembeni mwa mfereji ule wa zamani watu wanaendesha baiskeli. Lakini maji yanayomfaa binadamu hayamfai aksoloti moja kwa moja. Maji ya bomba ya Sydney hutiwa klorini, na kwingine kloramini, yaani klorini iliyofungamanishwa na amonia. Klorini ya kawaida huruka ukiiacha ndoo wazi usiku kucha. Kloramini haitoki kirahisi hivyo, na anayetegemea desturi ya kulaza maji kwenye ndoo hujifunza kwa hasara, maana ngozi ya amfibia hupitisha vitu: kilichomo majini kinaingia mwilini. Iko dawa ya kuivunja, inayodondoshwa kwa kipimo. Dawa ikishafanya kazi inabaki amonia, nayo ni sumu.

Amonia hutoka pia kwenye kinyesi na kwenye mabaki ya chakula, kwa hiyo hakuna tangi lisilokuwa nayo. Wanaoiondoa ni bakteria. Kundi moja huigeuza kuwa naitraiti, ambayo bado ni sumu. Kundi la pili huigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo mnyama huivumilia ikiwa kidogo na mimea huila. Bakteria hao huota kwenye sponji ya kichujio, kwenye mawe na kwenye kuta za kioo, nao huchukua wiki nne hadi sita kuenea vya kutosha, na katika maji ya baridi hukawia zaidi. Muda wote huo tangi halina mnyama. Mfugaji anadondosha amonia ya chupa, anapima kwa vichupa vya rangi, anaandika namba kwenye daftari, anangoja. Amonia inapanda kisha inashuka. Naitraiti inapanda na kukaa palepale hadi mtu anaanza kukata tamaa, halafu asubuhi moja imeporomoka hadi sifuri. Nimewaona watu wazima wakifurahia kichupa cha maji ya samawati hafifu kana kwamba wamepata mjukuu, nami sikuona ajabu. Walikuwa wametengeneza kitu chenye uhai kutokana na maji matupu.

Joto nalo lina elimu yake. Wanaoanza hugandisha chupa za maji na kuziacha zielee tangini. Kwa maoni yangu hiyo ni dawa ya dharura tu, kwa sababu maji yanashuka kwa ghafla, barafu ikiyeyuka yanapanda tena, na mabadiliko hayo ya haraka humchosha mnyama pengine kuliko joto lenyewe. Feni inayopuliza juu ya maji ni bora, kwani maji yanayovukiza yanaondoka na joto na tangi hupoa nyuzi mbili au tatu pole pole. Wenye uwezo hununua mashine ya kupoza maji. Lakini uamuzi mkubwa ulishafanywa kabla ya vyombo vyote hivyo: chumba gani? Mzoefu huchagua chumba cha upande wa kusini, ambao katika nchi hii ndio upande jua lisikopiga, huweka tangi chini karibu na sakafu, mbali na dirisha, na hufunga mapazia kabla ya saa nne asubuhi. Mambo hayo hayagharimu chochote, na hakuna duka linaloyauza.

Uzazi wenyewe ni wa majira ya baridi. Juni hadi Agosti siku zinapokuwa fupi na maji yanapopoa, dume na jike waliotenganishwa huwekwa pamoja. Dume hutambulika kwa uvimbe nyuma ya miguu ya nyuma, na jike kwa ubavu mpana. Jike anaweza kupevuka akiwa na mwaka mmoja tu, lakini mfugaji makini humngoja afike miezi 18 ili mwili wake uwe umejaa, na huuliza sana habari za ukoo kabla ya kuoanisha, kwa kuwa wanyama wa nchi hii wametoka katika mbegu chache na ndugu hukutana kwa urahisi. Dume hawezi kumpanda jike kama chura afanyavyo. Humzunguka, humsukuma kwa pua, kisha hutembea mbele yake akitikisa mkia na kuacha sakafuni vijungu vidogo vya ute, kila kimoja kikiwa na mbegu nyeupe kileleni. Jike humfuata na kuviokota kwa tundu lake. Kwenye kioo kitupu vijungu haviwezi kushika, na ndiyo maana mfugaji ametandika vigae vya mawe vyenye mikwaruzo siku moja kabla. Ukiviona vigae hivyo kwenye tangi lililokuwa tupu jana, ujue nyumba hiyo inangoja harusi.

Baada ya saa kadhaa, au siku moja au mbili, jike huanza kutaga, yai moja moja, akilibandika kila moja kwenye jani kwa miguu yake ya nyuma. Anaweza kutaga mia chache na anaweza kupita elfu. Hapo dume huondolewa, na jike hupewa mapumziko ya miezi, kwa sababu akiachwa na dume atataga tena upesi, na jike anayetaga mfululizo hukonda hadi kufa. Mayai nayo huhamishwa, maana wazazi huyala.

Yatazame mayai hayo kwa lenzi ya kukuzia. Kila moja ni tone jeusi la milimita mbili hivi ndani ya ute angavu, na ukiyakusanya kwenye bakuli yanafanana hasa na mbegu za mrehani zilizolowekwa kwenye sharubati. Ute unapitisha mwanga, kwa hiyo kila kinachotokea ndani kinaonekana. Siku ya kwanza tone hupasuka mara mbili, mara nne, mara nane, hadi mistari inakuwa myembamba kiasi cha kutoonekana na tone linaonekana zima tena. Kufikia siku ya tatu au ya nne kingo mbili huinuka juu ya mgongo na kukutana katikati: huo ndio mwanzo wa ubongo na uti wa mgongo. Kisha tone hurefuka, kichwa kinajitenga, mkia unajikunja, vichipukizi vya matamvua vinatokeza. Katika siku za mwisho kitoto hugeuka ndani ya ute kila unapogusa bakuli. Wanasayansi wamejifunza mengi ya namna mwili unavyojengeka kwa kutazama mayai haya haya, na bado huchunguza namna aksoloti anavyootesha upya mguu uliokatika. Mfugaji wa nyumbani anatazama kwa sababu nyingine. Anatafuta yai lililopauka na kuzungukwa na utando mweupe, ambalo kuvu limeshaliota, ili aliondoe kwa bomba la kunyonyea kabla halijaambukiza majirani. Asubuhi anapitia bakuli lote, na jioni analirudia.

Mayai huanguliwa baada ya wiki mbili au tatu, kutegemea joto. Kinachotoka ni uzi wa sentimita moja na ushei, wenye macho, matamvua na mkia, bila mguu hata mmoja. Kwa siku mbili au tatu unaishi kwa kiini kilichobaki tumboni. Baada ya hapo unataka kula, na hapa ndipo wafugaji hupimwa.

Kitoto cha aksoloti hakitambui chakula kisichosogea. Umpe unga, vipande vya nyungunyungu, chakula cha samaki, vyote vitaanguka mbele ya pua yake na yeye atabaki na njaa. Lazima kitu kitikisike karibu na uso wake, naye atakidaka. Kwa hiyo mfugaji wa aksoloti anapaswa kuwa pia mfugaji wa uduvi. Mayai ya uduvi wa maji ya chumvi, aina iitwayo atemia, huuzwa yakiwa makavu kama vumbi la kahawia na huweza kukaa miaka bila kufa. Anayatia kwenye chupa iliyogeuzwa kichwa chini, yenye maji ya chumvi ya nyuzi 27 au 28, huku hewa ikibubujika kutoka chini, na baada ya saa 24 yameanguliwa. Basi katika chumba kimoja mna maji matamu ya baridi ya Meksiko na maji ya chumvi yenye joto, na mtu mmoja anayelinda yote mawili yasivuke mipaka yake.

Kuwavuna uduvi ni kazi ya dakika kumi inayopaswa kutazamwa. Mfugaji anazima hewa. Maganda matupu yanaelea juu, mayai yaliyokufa yanazama. Kisha anawasha tochi karibu na shingo ya chupa. Uduvi huvutwa na mwanga, na baada ya muda wingu la rangi ya chungwa hukusanyika mahali palepale, hai, likitetemeka. Anawanyonya kwa bomba, anawamwaga kwenye chujio la kitambaa chepesi, anawasuuza kwa maji matamu ili chumvi isiingie kwa watoto, anawagawa kwa matone. Vitoto ambavyo sekunde chache zilizopita vilikuwa vimeganda mithili ya mabaki ya nyuzi vinaanza kurusha vichwa huku na huko. Ngozi yao bado ni angavu, hivyo baada ya dakika chache matumbo yote yana rangi ya chungwa, na mfugaji anaweza kuhesabu kwa macho nani ameshiba na nani hajala. Asiyekula leo na kesho anatengwa na kuletewa uduvi mbele ya pua yake.

Uduvi ambao hawakuliwa hufa baada ya saa chache katika maji matamu, na huoza. Kwa hiyo maji ya watoto hubadilishwa kila siku, maji yenye joto lilelile na dawa ileile, na kila kitoto huhamishwa kwa bomba lenye mdomo mpana ili kisichubuke. Zidisha kwa vitoto mia mbili. Kazi hii huenda hivyo wiki kadhaa, asubuhi na jioni, Jumapili na sikukuu, na hakuna siku ya kuiahirisha.

Miguu ya mbele huota kwanza, ya nyuma baadaye. Katika kipindi hicho watoto hugeuka hatari wao kwa wao, kwani kila kinachotikisika ni chakula, na mguu wa ndugu hutikisika. Mguu ulioliwa utaota tena, lakini majeraha hukaribisha kuvu, na mkubwa anayekula miguu ya wadogo hukua upesi hadi anaweza kuwameza. Dawa yake ni kupanga watoto kwa ukubwa kila baada ya siku chache, wakubwa bakuli moja, wa kati bakuli lingine, na walio wakali kila mmoja kikombe chake. Meza ya mfugaji katika mwezi wa pili imejaa vikombe. Wakifika sentimita tano au sita hali hutulia, wanaanza kupokea vipande vya nyungunyungu kutoka kwenye kibano, na mfugaji anapata usingizi.

Ufundi huu una umri. Mwaka 1864 aksoloti 34 walifikishwa Paris kutoka Meksiko, na Auguste Duméril wa makumbusho ya viumbe ya jiji hilo akapewa sita. Mwaka uliofuata walizaa. Alisambaza watoto wao kwa wenzake kote Ulaya, na sehemu kubwa ya aksoloti wa maabara na wa majumbani duniani leo hurudi kwenye wale wachache wa Paris. Huko kwao mambo yameenda kinyume. Utafiti wa mwaka 1998 ulikadiria aksoloti 6,000 kwa kilomita ya mraba katika mifereji ya Xochimilco. Mwaka 2014 makadirio yalikuwa 36. Maji yalichafuka, na samaki wa kigeni waliopandikizwa wakala mayai na watoto. Matangi yenye aksoloti yamejaa ulimwenguni kote, na mifereji yao inakaribia kuwa mitupu.

Mtanzania akisoma hayo anapaswa kusimama kidogo, kwa kuwa sisi tunayo hadithi kama hiyo ya kwetu, ingawa mnyama wetu ni chura. Mwaka 1996, wakati wa uchunguzi wa mazingira wa mradi wa umeme wa Kihansi, kwenye miteremko ya milima ya Udzungwa, wataalamu waligundua chura mdogo wa rangi ya njano aliyekuwa hajulikani na sayansi. Kim Howell wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa miongoni mwa waliomwandika rasmi. Jike mkubwa hafiki sentimita tatu. Hatagi: hubeba mayai tumboni na kuzaa vyura kamili, wadogo wa milimita tano, na ngozi ya tumbo lake ni nyembamba kiasi kwamba watoto huonekana ndani. Nchi yake yote duniani ilikuwa kama hekta mbili za majani na kuvumwani chini ya maporomoko, palipokuwa na manyunyu usiku na mchana.

Bwawa lilipoanza kupeleka maji kwenye mitambo ya megawati 180, karibu asilimia 90 ya mtiririko uliondolewa kwenye korongo, na manyunyu yakakoma. Wengi waliuliza kwa nini umeme wa nchi usumbuliwe na vyura, na swali hilo halikuwa la kijinga kwa mtu anayesoma kwa kibatari. Yaliwekwa mabomba ya kunyunyizia maji kwenye korongo, na kwa muda vyura wakaongezeka hadi kuhesabiwa kwa maelfu. Kisha mwaka 2003 wakaporomoka, na ugonjwa wa kuvu unaoua amfibia duniani kote ukakutwa kwao. Mapema mwaka 2004 walionekana wachache wa kuhesabika kwa vidole. Mwaka 2009 chura wa Kihansi akatangazwa kuwa ametoweka porini.

Alibaki kwenye matangi. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura karibu 500 walikuwa wamesafirishwa hadi bustani ya wanyama ya Bronx, New York, na kugawiwa kwa bustani kadhaa za Marekani. Walikufa kwa wingi. Hakuna aliyewahi kufuga chura wa manyunyu. Minyoo ya mapafu iliwaua, na mengine hayakueleweka upesi. Idadi ilishuka chini ya 100, na waliobaki walikuwa Bronx na Toledo, Ohio. Sijui hesabu ya uhifadhi iliyo ya kutisha kuliko hiyo: spishi nzima mikononi mwa watunzaji wachache wenye chupa za kunyunyizia. Walichofanya ndicho kilekile kinachofanywa kwenye meza ya Guildford, isipokuwa maji yao yalikuwa ukungu. Walichuja maji, wakaweka mashine zinazonyunyiza kwa saa, wakapanga taa zenye miale ya jua anayoihitaji mnyama ili mifupa ikae sawa, wakazalisha wadudu wadogo kabisa wa kumtosha mdomoni kitoto cha milimita tano, wakawapaka wadudu hao unga wa vitamini na madini. Kila chumba kilikuwa na glavu zake na viatu vyake. Kisha vyura wakaanza kuzaa, na kuzaa tena, hadi wakawa maelfu.

Agosti 2010 vyura 100 walirudi kwa ndege Dar es Salaam, wakaingia katika kituo kilichoandaliwa Chuo Kikuu. Jambo hili linanigusa kuliko yote: baada ya miaka kumi ughaibuni, chura wa Udzungwa alikabidhiwa kwa watunzaji wa Kitanzania, ambao walipaswa kutengeneza ubaridi na ukungu wa korongo katikati ya joto la Dar. Waliuweza. Mwaka 2012 vyura wa kwanza walirudishwa Kihansi, na maelfu wamefuata tangu hapo. Kule korongoni mabomba bado yananyunyiza. Kwa hiyo hata porini, kwa namna fulani, mtu bado anafuga maji kwa ajili yao.

Mfugaji wa nyumbani haokoi spishi, na walio makini hawajidai hivyo. Aksoloti wa dukani wamechanganywa rangi kwa vizazi vingi, weupe, wa dhahabu, weusi tii, na hakuna atakayewapeleka Xochimilco. Tena wafugaji wana jukumu la upande wa pili, la kuhakikisha kwamba hakuna mnyama anayetoka. Mwaka 2011 salamanda wa Ulaya waligundulika wakiishi porini katika vitongoji vya Melbourne. Walikuwa wakiuzwa kama wanyama wa nyumbani hadi mwaka 1997 jimbo la Victoria lilipowapiga marufuku, na bila shaka kuna aliyechoka nao akawamwaga kijitoni. Kijito cha Duck River hakiko mbali na Guildford, na kila anayezalisha aksoloti anajua ni rahisi kiasi gani kuchukua ndoo na kutembea hadi pale.

Kwa sababu hiyo huanza kuhesabu wapokeaji kabla ya mayai. Jike akitaga mia sita na mfugaji ana hakika ya nyumba arobaini, huchagua mayai hamsini yaliyo imara na mengine huyagandisha siku ya kwanza, wakati bado ni matone yanayogawanyika. Hakuna anayependa kufanya hivyo, lakini kila niliyemheshimu katika kazi hii anafanya. Hao arobaini nao hawatoki kirahisi. Mnunuzi anaulizwa tangi lake lina lita ngapi, maji yake yana nyuzi ngapi saa tisa alasiri ya Januari, naitraiti yake ni ngapi. Akishindwa kujibu la mwisho, siku hiyo hapewi mnyama. Mfugaji anakata kipande cha sponji kutoka kwenye kichujio cha zamani, kimejaa bakteria, anakitia kwenye mfuko wenye maji kidogo ili kisikauke njiani, anampa bure pamoja na chupa ya amonia na karatasi ya maelezo, na kumwambia arudi baada ya wiki sita na daftari lake la vipimo.